Jina Kapuni: Historia ya Wanawake Walioogopa Kupimwa Njia na Kuanzishiwa Uchungu

Najua wengi mmezoea kwamba tukisema "jina kapuni" hapa, basi kuna staa kafumaniwa au kuna ndoa imevunjika kimyakimya. Leo jina kapuni ni la mtu wangu wa karibu kabisa, na stori yake haina ufumanizi. Ina mimba ya wiki 41.

Saa tisa usiku simu yangu ikatikisika. Meseji ya sauti. Anaongea kwa kunong'ona ili asimwamshe mumewe: "Shoga, asubuhi natakiwa hospitali. Wanipime njia, halafu wanianzishie uchungu. Mara ya mwisho yule nesi aliniingiza vidole bila hata kunisalimia. Nikaruka, akaniambia mbona wakati wa kuitafuta hukuruka. Kiukweli natamani nisiende."

Nikamjibu kile tunachojibu wote. Usiogope mpenzi, ni kawaida, wenzio wote wamepita huko. Akarudisha neno moja: "Sawa."

Mtu yeyote aliyewahi kutumiwa "sawa" ya saa tisa usiku anajua kwamba hapo hamna usawa wowote.

Usingizi ukakata. Nikaanza kusoma, nikitafuta kitu cha kumwambia zaidi ya "usiogope". Nilichokikuta kilinifunga mdomo. Historia nzima ya mambo haya mawili, kidole cha kupima njia na dawa ya kuanzisha uchungu, imejaa wanawake walioogopa, wakaambiwa hofu yao ni ujinga, halafu baadaye ikaja kujulikana kwamba walikuwa wanajua kitu. Majina yao hayakuandikwa popote. Madaktari tunawajua, wao wako kapuni mpaka leo. Hebu tuwapitie.

VIENNA: WALIOPIGA MAGOTI

Twende Austria, miaka ya 1840. Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za kujifungulia. Ya kwanza walikuwa wanajifunzia wanafunzi wa udaktari, ya pili wanajifunzia wakunga. Waliokwenda pale wengi walikuwa wanawake maskini. Kliniki hizo zilipokea wajawazito kwa zamu: leo wanaingia huku, kesho wanaingia kule.

Sasa mji mzima ulikuwa unajua ratiba. Mwanamke akifika na kugundua leo ni zamu ya kliniki ya kwanza, alikuwa anapiga magoti, analia, anaomba apelekwe ya pili. Wengine waliona bora wajifungulie njiani kuliko kuingizwa humo.

Walikuwa wamerogwa? Hapana. Kati ya mwaka 1841 na 1846, kliniki ya madaktari ilizika karibu wazazi 10 katika kila 100 kwa homa ya uzazi. Ile ya wakunga ilikuwa chini ya 4. Jengo moja, mji mmoja, chakula kilekile.

Wakubwa wa hospitali walikuwa na maelezo yao. Hewa mbaya. Msongamano. Na moja ya sababu zilizotajwa, mtu wangu, ilikuwa hofu yenyewe. Padri alipokwenda kumpa sakramenti mgonjwa mahututi, ilibidi apite katikati ya wodi za kliniki ya kwanza, msaidizi wake akigonga kengele. Ikasemwa kwamba wale wamama wakisikia ile kengele wanaingiwa na hofu kubwa, na hofu ndo inawaletea homa.

Alikuwepo daktari kijana, Ignaz Semmelweis, ambaye hakuridhika na maneno matupu. Akamwomba padri abadilishe njia na aache kengele. Padri akakubali. Vifo havikupungua hata kidogo. Kwa hiyo hofu ikafutiwa kesi.

Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikufa baada ya kuchomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wanapasua maiti. Semmelweis akaona kwamba ugonjwa uliomuua rafiki yake unafanana na ule unaoua wazazi. Hapo ndipo taa ikawaka. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wanatoka chumba cha maiti asubuhi, moja kwa moja wanaingia wodini kupima njia. Wakunga hawakupasua maiti. Kilichokuwa kinaua ni mkono wa mpimaji.

Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Juni na Julai ikashuka mpaka mmoja au wawili hivi.

Soma tena hapo juu, kwenye wale waliopiga magoti. Hawakuwa na darubini wala shahada. Walikuwa na majirani, dada na mashoga ambao waliingia kliniki ya kwanza na hawakutoka. Walihesabu kwa macho yao. Wakaambiwa hofu yao ndiyo inayowaua, kumbe hofu yao ilikuwa taarifa sahihi kuliko vitabu vya maprofesa.

Semmelweis mwenyewe alibishiwa sana na wakubwa zake, akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865. Lakini somo lilibaki. Woga wa kuingiza vijidudu ulikuja kuwa mkubwa kiasi kwamba nusu ya kwanza ya karne ya 20 madaktari wengi walikuwa wanapima njia kwa kupitia sehemu ya haja kubwa, wakiamini ni salama zaidi kuliko kupita ukeni. Leo nesi akivaa glavu mpya mbele ya macho yako, ujue hiyo glavu ina deni kwa wanawake ambao hatujui hata jina moja.

HARAKA ILIKUWA YA NANI?

Hiyo ni kupimwa. Kuanzishiwa uchungu nako kuna historia yake, na swali lake kubwa ni moja: haraka hii ni ya nani?

Mwanzoni ilikuwa haraka ya kuokoa. Katikati ya karne ya 18 madaktari wa London walianza kukubaliana kwamba mwanamke mwenye nyonga nyembamba, mara nyingi kwa sababu ya matege ya utotoni, anaweza kupasuliwa chupa mapema ili mtoto atoke akiwa bado mdogo. Upasuaji wa siku zile karibu wote uliishia kaburini, kwa hiyo hiyo ilikuwa nafuu.

Halafu ikaja haraka ya aina nyingine. Kuna kuvu fulani anaota kwenye nafaka ya rai huko Ulaya. Wakunga walishaijua nguvu yake ya kubana mfuko wa uzazi karne nyingi nyuma, na kitabu cha mitishamba cha Kijerumani cha mwaka 1582 kinaitaja. Mwaka 1808 daktari wa New York, John Stearns, aliandika barua kuwasifia wenzake dawa hiyo. Moja ya sifa alizotaja ni kwamba inamwokolea daktari muda mwingi. Yaani aliyekuwa anaokolewa muda ni daktari.

Ikawa fasheni. Tatizo ni kwamba ule unga ulibana mfuko wa uzazi bila kuachia, mtoto akakosa hewa. Kufika mwaka 1824 daktari mwingine wa New York, David Hosack, alikuwa anaonya kwamba watoto wanaozaliwa wafu wameongezeka tangu dawa ile ianze kutumika ovyo. Alishauri iwekwe kwa ajili ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka, basi. Wahenga wetu wangemalizia kwa sentensi moja: haraka haraka haina baraka.

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba majimaji ya tezi iliyo chini ya ubongo yanabana mfuko wa uzazi wa paka. Mwaka 1909 William Blair-Bell akaanza kuitumia kwa wazazi. Hiyo ndo oksitosini, dawa ya dripu ya uchungu tunayoijua. Lakini mwanzoni walikuwa wanaichoma sindano moja kubwa, na ikishaingia imeingia. Mifuko ya uzazi ilipasuka.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1948, pale Geoffrey Theobald na wenzake huko Uingereza walipoiweka kwenye dripu, ikashuka tone kwa tone. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akafanikiwa kuitengeneza maabara, safi, isiyotokana na wanyama, na mwaka 1955 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kwa nini nakusimulia hili? Kwa sababu tone ndilo lililoleta usalama. Dawa iliyo kwenye dripu inaongezwa kidogokidogo, na uchungu ukizidi au mapigo ya moyo ya mtoto yakibadilika, inapunguzwa au inafungwa. Ndani ya dakika chache nguvu yake damuni inaanza kushuka. Shoga yangu alikuwa anaamini kwamba ukishatundikiwa ile chupa, umefungiwa mlango na funguo imetupwa. Hapana. Ile chupa ina kidude cha kufungia, na tukio hilo dogo liligharimu maisha ya watu kufika pale.

VIDOLE VINATAFUTA NINI?

Moja ya mambo yanayotisha zaidi kwenye kupimwa njia ni kutojua. Mtu yuko kimya, vidole viko ndani, anaangalia dari, halafu anamwambia mwenzake namba. "Mbili." Mbili nini?

Namba hizo nazo zina historia. Mwaka 1955 daktari Emanuel Friedman wa New York alichapisha mchoro uliotokana na wanawake 500 waliokuwa wanajifungua kwa mara ya kwanza. Aliwapima tena na tena, akachora mstari: saa ngapi, sentimita ngapi. Wengi wao walikuwa wamepewa dawa za kuwatuliza. Hao 500, majina yao kapuni vilevile, ndo waligeuzwa kuwa kipimo cha dunia nzima. Kuanzia hapo, mwanamke aliyefunguka taratibu kuliko mstari ule alionekana ana tatizo.

Mwaka 1964 Edward Bishop, wa Philadelphia, akaja na hesabu yake. Alitaka kujua nani yuko tayari kuanzishiwa uchungu na nani mwili wake bado. Akaorodhesha vitu vitano ambavyo vidole vinatafuta: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, umekuwa mfupi kiasi gani, ni mgumu au umelainika, umeelekea mbele au nyuma, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Kila kimoja kina alama, jumla ni 13. Hesabu hiyo bado inatumika. Ukisikia "njia bado haijaiva", ndiyo hiyo. Alama zikiwa ndogo, kinachofuata kwa kawaida ni kulainisha kwanza, kwa dawa au kwa puto, kabla ya kuweka dripu.

Puto lenyewe usiliogope jina. Ni mpira uleule wa mkojo, wenye kipuuzio mwishoni kinachojazwa maji. Unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, kipuuzio kinajazwa, na msukumo wake unaufungua taratibu. Kikidondoka chenyewe, mara nyingi ni dalili kwamba mlango umeshafunguka kiasi.

Na Afrika imo kwenye historia hii. Mwaka 1972, Salisbury ya Rhodesia, ambayo leo ni Harare ya Zimbabwe, madaktari Hugh Philpott na Castle walichukua mchoro wa Friedman na kuufanyia kazi nyingine. Tatizo lao lilikuwa umbali. Mama yuko na mkunga kwenye kituo kidogo, hospitali yenye upasuaji iko mbali, na hakuna anayejua muda gani ni wa kuita gari. Wakachora mstari wa tahadhari, na saa 4 mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Ukivuka wa kwanza, jiandae kusafirisha. Shirika la Afya Duniani likaja kuusambaza, ndo ile karatasi ya mistari ambayo wakunga wetu wameijaza kwa miaka mingi.

Baadaye ikaonekana kwamba wanawake wengi wazima kabisa hawafunguki sentimita moja kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi kwamba kasi hiyo isiwe rungu la kumpigia kila mama, kwamba uchungu wenyewe uhesabiwe umekolea kuanzia sentimita 5, na kwamba ukishakolea, kupima njia kila baada ya saa 4 kunatosha kwa mama asiye na tatizo. Kwa hiyo ukiona unapimwa na huyu, halafu mwanafunzi, halafu mwingine tena baada ya nusu saa bila maelezo, una haki kabisa ya kuuliza sababu.

KAMPALA, 1968

Hapa nikaruka kitandani, maana sikuwahi kusikia.

Wanasayansi wa Sweden miaka ya 1930 walikuta kwenye shahawa kitu kinachobana misuli. Wakakiita jina linalotokana na tezi dume, prostaglandini. (Ndiyo, ndo chanzo cha ule ushauri wa mashangazi kwamba baba naye asaidie kuleta uchungu. Tafiti hazijaonyesha wazi kwamba unafanya kazi. Mkitaka, na daktari hajakataza, sawa, ila msikae mnausubiri.)

Mtu aliyechukua kitu hicho na kuripoti kwamba kinaweza kuanzisha uchungu kwa mwanamke wa mimba kubwa alikuwa Sultan Karim, na kazi hiyo aliifanya Makerere, Kampala. Ripoti yake na wenzake ilitoka mwaka 1968 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza. Yaani dawa za kulainisha njia zinazotumika London na New York zina shina lao hapa jirani, kwenye miili ya wanawake wa Kampala. Karim anajulikana. Wale wamama, jina kapuni.

Kutoka familia hiyohiyo ya dawa ikaja misoprosto, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa kuanzisha uchungu, lakini kwa kipimo kidogo mno, mikrogramu 25 za kunywa kila baada ya saa 2, na isitumike kwa mama aliyewahi kupasuliwa, maana kovu linaweza kuachia. Sasa linganisha na mtu anayeuziwa kidonge kizima dukani, au anayepewa kikombe cha mizizi cha "kuongeza uchungu" ambacho hakuna anayejua kina nguvu kiasi gani. Hiyo ni New York ya mwaka 1808, imerudi kwa bodaboda. Usikubali, hata akikupa mtu anayekupenda.

MTU WA KUKAA PEMBENI

Nimesema hofu mara nyingi ilikuwa taarifa sahihi. Ila kuna upande wa pili, nao una mwanamke wake asiye na jina.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kwenye chumba cha hali duni huko Whitechapel, London, daktari kijana Grantly Dick-Read alimpa mzazi dawa ya usingizi. Yule mama akakataa. Akajifungua kwa utulivu. Daktari alipomuuliza baadaye kwa nini alikataa, akamjibu kwamba hakuumia, na akashangaa kama kweli ilitakiwa aumie. Jibu hilo lilimkaa daktari kichwani miaka yote. Mwaka 1942 akatoa kitabu kilichosema kwamba hofu inakaza mwili, mwili uliokazwa unauma zaidi, na maumivu yanazaa hofu nyingine. Mduara.

Kuna ukweli hapo. Ukiogopa wakati wa kupimwa, misuli ya chini inabana bila wewe kutaka, na vidole vinauma zaidi. Lakini mawazo yake pia yaliwaumiza wengi, maana aliyesikia maumivu akaonekana ni muoga tu. Methali yetu iko wazi zaidi: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asikwambie mtu uko kichwani.

Basi nini kinavunja ule mduara? Mwaka 1980 yalichapishwa matokeo kutoka Guatemala. Kwenye hospitali iliyojaa, ambako wazazi walikaa peke yao, baadhi yao waliwekewa mwanamke wa kukaa naye. Hakuwa nesi. Hakuwa ndugu. Walikutana siku hiyohiyo. Kazi yake ilikuwa kushika mkono, kusugua mgongo, kuongea. Waliokuwa na mtu walichukua wastani wa saa 8.8 kujifungua. Waliokuwa peke yao, saa 19.3.

Bibi zetu wangecheka. Pwani, mama hakuachwa peke yake na uchungu. Alikuwa na somo wake, mkunga, shangazi mmoja mkali na mwingine mpole. Tulipohamia hospitali, tulipata glavu, damu na upasuaji, vitu vinavyookoa maisha kila siku, lakini mlangoni tukawaacha wale wamama. Leo Shirika la Afya Duniani linataka kila mzazi awe na mtu anayemchagua. Wodi zetu nyingi bado hazina hata pazia, ndo maana wanakataa. Ila nyingine zimeanza kuruhusu. Uliza mapema, usisubiri siku yenyewe.

SASA WEWE WA WIKI 39, 40, 41

Kama unasoma hii na tumbo liko mezani pamoja na simu, nisikilize.

Kwanza, kuanzishiwa uchungu sio adhabu na sio kwamba mwili wako umefeli. Mimba ikitimiza wiki 41, hatari kwa mtoto inaanza kupanda, ndo maana wanapendekeza. Presha ya mimba au chupa kupasuka bila uchungu ni sababu nyingine. Na kuhusu ile hofu kwamba "ukianzishiwa lazima upasuliwe": utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2018, wenye wanawake zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza wasio na matatizo, ulikuta walioanzishiwa wiki ya 39 walipasuliwa 18.6 katika kila 100, na waliosubiri 22.2. Hospitali za kule sio za kwetu, lakini "lazima" ifute.

Pili, inaweza kuchukua muda. Siku nzima, wakati mwingine mbili. Ukijua hivyo, saa ya kumi hutaona kama umefeli.

Tatu, wakati wa kupimwa: nenda haja ndogo kwanza. Omba aseme kabla ya kugusa. Pumua nje taratibu, kama unapuliza uji wa moto, na uachie makalio yazame kwenye kitanda. Mwambie: "Nikisema simama, naomba usimame." Kama uliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono, huna haja ya kusimulia. Sentensi moja inatosha: "Kuguswa huku kunanipa shida sana, naomba twende polepole."

Nne, maswali manne ya kubeba. Kwa nini sasa? Mkitumia njia gani? Njia yangu imefikia wapi? Tukisubiri kidogo, nini kinaweza kutokea? Kuuliza si ujinga, na mkunga mzuri anapenda kuulizwa.

Kitu kimoja tu kisisubiri maswali: damu inatoka, mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, au maji ya kijani. Hapo ondoka nyumbani sasa hivi.

TURUDI SAA TISA USIKU

Nikampigia. Sikumwambia usiogope. Nikamwambia kuhusu waliopiga magoti Vienna. Akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo sio mimi tu." Nikamwambia sio wewe tu, na sio ujinga. Tukaandika yale maswali nyuma ya kadi yake ya kliniki.

Alikwenda. Walimwekea puto, kesho yake dripu. Ilichukua siku moja na nusu, na sitakudanganya kwamba hakuumia. Mara ya pili alipopimwa, alikuwa mkunga mwingine, mama mtu mzima. Akamwambia, "Mama, nikisema simama, naomba usimame." Yule mama akamwangalia, akajibu, "Sawa mwanangu." Katikati akasema simama.

Akasimama. Akatoa mkono, akasubiri, akamuuliza kama yuko tayari, wakaanza upya.

Ananiambia mpaka leo, katika yote yaliyotokea, pamoja na sauti ya kwanza ya binti yake, hiyo ndo dakika anayoikumbuka zaidi. Aliongea, na mkono ukasimama. Wale wa Vienna hawakuwahi kuipata dakika hiyo.

Wewe ulipitaje huko? Ulisema nini, na walikusikiliza? Dondosha komenti hapo chini. Ukitaka, jina tunaliweka kapuni.